Simu Imemeza Dawa

Kwa mujibu wa ripoti zinazonifikia huku Nairobi, anayemeza dawa bila kukosa katika boma letu la Bumala ni simu. Mama ana presha na sukari. Simu haina hata mafua. Lakini kila programu ya kukumbusha dawa inapolia, mtu hubonyeza "Nimemeza", nami naletewa alama ya vema, kijani kibichi. Likizo ya Desemba nikakuta vidonge vimejaa kwenye mkebe wa majani chai. Mama hakushtuka.

"Si ulisema ikilia nibonyeze? Nimebonyeza."

Ana hoja. Metformin, dawa yake ya sukari, humezwa na chakula, la sivyo tumbo linachafuka, na programu haijui kama ugali umeiva. Hulia saa moja jioni, maji yakiwa bado hayajachemka. "Ngoja kwanza wewe," mama huiambia, mwiko mkononi. Haingoji. Iliwahi kulia matangani, padri akiwa katikati ya sala: sauti ya binti ikauliza kama dawa imemezwa, na nusu ya waombolezaji wakajipapasa mifukoni.

Siku akimeza kweli, ndipo ripoti inapomkana. Akivuka kwenda Busia ya Uganda kutafuta vitenge, simu hudaka mtandao wa ng'ambo, bando linakata, nami napata onyo jekundu: hajameza. Siku moja kaka yangu akatuma mtu wa bodaboda amsake. Alimkuta akibishania bei, mzima kabisa, dawa kameza asubuhi na uji.

Kumbe kuna njia isiyohitaji programu. Mwaka 2010 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya kwa watu 538 waliokuwa wakianza dawa za kupunguza makali ya Ukimwi. Takriban nusu yao walitumiwa ujumbe mfupi kila wiki: "Mambo?" Wajibu "Sawa" au "Shida". Aliyesema shida, au aliyenyamaza siku mbili, alipigiwa na mhudumu. Waliotumiwa ujumbe walizingatia dawa kuliko wenzao.

Nikamwandikia mama: "Mambo?" Akapiga papo hapo.

"Tangu lini mimi na wewe tukawa rika?"

Nikambembeleza, nikabadilisha salamu, akakubali. Wiki iliyofuata jibu likaja: "Shida." Nikapiga mikono ikitetemeka.

"Shida gani, mama?"

"Sukari imeisha."

"Ya mwilini?"

"Ya chai. Chama kinakuja kwangu kesho. Tuma ya kilo mbili."