Abiria wa Juu ya Magunia

Lori la mizigo liendalo Sangailu kutoka mji wa Garissa halibebi abiria. Hubeba sukari, unga, mchele, mafuta ya kupikia, magodoro na mabati, na juu ya vitu hivyo huwa kuna watu. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani ashuke, nani afunikwe mvua ikinyesha na nani asukume. Mzigo umeandikwa daftarini na una mwenyewe anayeungoja dukani. Abiria ana nauli tu, na nauli yenyewe keshailipa.

Sangailu ni wadi ya eneo bunge la Ijara, kusini mwa kaunti ya Garissa, upande wa mpaka wa Somalia na msitu wa Boni. Aliyekwenda mjini kusoma au kutafuta riziki hurudi kwao kwa chombo atakachokipata, na mara nyingi atakachokipata ni lori.

Abiria huambiwa gari linatoka saa nane mchana. Saa nane gari huwapo na dereva hayupo. Saa tisa dereva yupo, lakini kuna mtu wa magodoro ambaye anakuja sasa hivi. Baada ya swala ya alasiri magodoro hufika, na abiria wote hufurahi, kwani juu ya lori godoro ni kiti cha mbunge. Furaha hiyo hudumu mpaka mabati yanapofika nayo yakapangwa juu ya magodoro.

Baharini mambo haya yana kanuni. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa meli, SOLAS, huihesabu meli kuwa ya abiria ikibeba abiria zaidi ya 12. Wakiwa 12 au pungufu, inaweza kubaki meli ya mizigo. Uingereza nayo iliamuru kwa sheria ya mwaka 1876 meli zichorwe mstari ubavuni, wa kuonyesha maji yafike wapi chombo kikiwa kimeshiba. Lori la Sangailu hupimwa na tanboi, msaidizi wa dereva. Huupiga mpira wa nyuma teke moja, akasikiliza, kisha akasema bado nafasi ipo. Abiria wa 13 hupanda kwa teke hilo.

Kabini ni ya dereva, mwenye mali, na mama mwenye mtoto mchanga. Huko juu, wanaokaa mbele karibu na tanboi hupata upepo na huwaona twiga mapema. Pia wao ndio hukutana na matawi kwanza. Migunga na mathenge imeinamia njia, na kazi ya aliye mbele ni kupiga kelele “Miba!” ili wenzake wainame. Kwa bahati mbaya hupiga kelele akishainama mwenyewe, hivyo habari na mwiba huwafikia wa nyuma kwa pamoja. Kofia zilizobaki mitini haziwezi kurudiwa. Gunia likianguka, gari husimama, likarudi kinyumenyume na tochi zikawashwa.

Usiku kibuyu cha mafuta huanza kuvuja. Hakuna ajuaye ni kipi, ila kila mtu anajua yuko upande gani, na kukicha suruali moja huwa inang'aa kuliko nyingine. Mwenye mafuta hukadiria hasara yake kwa kuitazama suruali hiyo.

Yote haya ni ya kiangazi. Katika mvua za Gu, kati ya Aprili na Juni, na zile za Deyr mwishoni mwa mwaka, udongo mweusi wa Ijara hushika magurudumu kama ugali ulioshika sufuria. Turubai hufunguliwa kufunika sukari, na abiria huruhusiwa kuingia chini yake ikiwa hawatailowesha. Lori likikwama, tanboi huwageukia wazee kwa adabu: “Adeer, shuka kidogo.” Mzee naye humjibu “Haya, adeer,” maana Kisomali humrudishia kijana neno lile lile la ami analoitwa nalo mkubwa. Adabu ikiisha kupita, wote hushuka na kusukuma.

Shida kubwa si kukwama, ni kukwamuka. Dereva aliyetoka topeni hathubutu kusimama tena mpaka akanyage ardhi ngumu, na ardhi ngumu inaweza kuwa mbali. Basi waliolipa nauli huonekana wakilikimbilia gari, viatu mkononi na vikoi vya macawiis vimekunjwa hadi magotini, huku sukari ikitangulia peke yake juu, imefunikwa vizuri. Anayelifikia wa mwisho huulizwa na wenzake kwa nini amewachelewesha.

Wakati wa swala mjadala wa kibla huwa mrefu, kwa kuwa gari limezunguka matope mara nyingi na mawingu yamelificha jua. Wakati wa kiangazi msafiri hukosa maji ya udhu akatayamamu kwa mchanga. Masika maji yamejaa kila upande, na kinachokosekana ni mahali pakavu pa kusujudu.

Sangailu inapofikiwa, watoto hulikimbilia lori kabla halijasimama. Gunia huteremshwa kwa mabega ya watu wawili na kuhesabiwa kwa sauti. Abiria hujiteremsha mwenyewe, mguu mmoja umekufa ganzi, uso mweupe kwa unga wa watu. Mama yake humtambua kwa sauti, na neno lake la kwanza ni kwamba amekonda. La pili ni kumuuliza kama mabati yamefika.

Lori halikai sana. Hurudi Garissa kuliwahi soko la mifugo, limejaa mbuzi na ng'ombe. Safari hiyo mifugo hukaa ndani na watu hukaa juu yao, kwenye vyuma.