Heko kwa Faili Lililogoma Kwenda

Bwana harusi ana taarabu yake, marehemu ana wasifu wake, na hata diwani asiyeonekana miaka mitano hupata mpambe wa kumsifu siku ya kampeni. Hitilafu ya faili la mbali haina mpambe. Nazungumzia ile inayompata fundi aliyefungua faili la tovuti moja kwa moja kutoka kwenye seva, ndani ya kihariri chake, akarekebisha mkato mmoja, akahifadhi, na skrini ikaganda huku bosi amesimama nyuma yake. Leo najitolea kuipamba.

Ukoo wake si wa kubeza. Abhay Bhushan wa MIT aliandika maelezo ya kwanza ya FTP, itifaki ya kuhamisha mafaili, mwaka 1971, na tangu hapo hitilafu yetu haijakosa ajira, jambo ambalo wahitimu wetu wengi hawawezi kulisema. FTP hutumia njia mbili: moja ya amri, kwenye poti 21, na nyingine ya kubeba data. Kwa mtindo wake wa zamani, seva ndiyo humpigia mteja ili kufungua hiyo njia ya pili, na ukuta wa usalama wa ofisi ukiona mgeni anagonga kutoka nje, haufungui. Basi unasalimiwa vizuri, pasiwedi inakubaliwa, unaingia, halafu ukiomba tu kuona orodha ya mafaili, kimya. Ni kama kualikwa harusini ukapewa kiti cha mbele na pilau isikufikie. Dawa yake ni amri ya herufi nne, PASV, ambayo humfanya mteja apige yeye mara zote mbili.

Kuhusu picha iliyopakiwa kwa mtindo wa maandishi, sina la kusema ila shukrani. Alama za mwisho wa mstari hugeuzwa njiani, na kwa kuwa picha haina mistari, baiti zake huchezewa ovyo. Inafika ikiwa vipande vya rangi, nayo seva inatoa namba 226: kazi imekamilika. Ukarimu ulioje!

Lakini umahiri wa juu wa hitilafu hii uko ndani ya kihariri cha Emacs, kwenye TRAMP, nyongeza yake ya kufungulia mafaili ya mbali, iliyoanza kutengenezwa Novemba 1998. Unaandika /ssh: kisha jina lako, jina la seva na mahali faili lilipo, na faili la Frankfurt linafunguka kana kwamba liko mezani kwako. Kinachoendelea nyuma ya pazia ni kichekesho kitupu: Emacs inajifanya binadamu. Inaingia kwa ssh, inaandika pasiwedi ikiombwa, halafu inakodolea macho mwisho wa mstari ikitafuta alama ya dola au ya reli, ijue kwamba sheli iko tayari kupokea amri. Sasa tuseme msimamizi wa seva ni mtu wa madoido, ameiremba sheli kwa rangi, saa, jina la tawi la git na kijiroketi. Emacs inaona roketi, haioni dola, inasubiri. Na inasubiri. Subira ya Ayubu, bila majipu.

Tiba ipo. TRAMP hujitambulisha kwa seva kuwa terminali ya aina ya dumb, hivyo kwenye .zshrc, faili la mipangilio ya sheli, unaweka sharti kwamba mgeni wa aina hiyo aoneshwe dola tupu, madoido waachiwe wenye macho. Lakini usikimbilie tiba kabla ya kufaidi ugonjwa. Pandisha tramp-verbose kutoka 3, kiwango chake cha kawaida, hadi 6, na maongezi yote yataandikwa mbele yako: Emacs ikiuliza huu ni mfumo gani, perl iko wapi, stat ipo, mimi ni nani hapa. Yote hayo kwa ajili ya mkato mmoja! Utaona pia kwamba kwa njia ya scp (ukiandika /scp: badala ya /ssh:) faili lisilozidi baiti 10,240 hupenyezwa ndani ya sheli hiyohiyo, na scp yenyewe huitwa kwa mzigo mkubwa tu. Mafundi wenye bahati, ambao mambo yao hupita mara moja, watazeeka bila kuyajua haya.

Na hapa natania kidogo tu. Kila kitu kwenye kihariri kimeundwa kutuaminisha kwamba seva iko chumbani. Anayesema kweli ni hitilafu. Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, mafundi wa Dar es Salaam na Nairobi walikumbuka kwamba faili lililokuwa "hapa" lilikuwa likisafiri baharini kila walipobonyeza kuhifadhi.

Hata hivyo, kazi yake ninayoihusudu kuliko zote ni ile inayoifanya wakati diski ya seva imejaa. Faili la zamani linafutwa kwanza ili kupisha jipya, jipya linakosa pa kuingia, na tovuti inabaki na ukurasa wa baiti sifuri. Bosi alitaka mkato usahihishwe. Auone sasa ukurasa huo: hauna kosa hata moja.