Shikamoo, Upepo: Mwongozo kwa Wasafiri na Wakazi wa Mara

Upepo wa Ziwa Viktoria umekuzidi umri, na heshima yake ni kuupisha. Ijue kwanza ratiba yake. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa yake hupaa, na ya ziwani huja kushika nafasi. Ndiyo maana alasiri mawimbi huupiga ufuko wa Musoma. Usiku mambo hugeuka: upepo hutoka bara kwenda ziwani, hukutana na mwenzake wa upande wa Bukoba, na hapo mawingu ya radi huzaliwa, mara nyingi kabla ya alfajiri.

Basi, unayevuka kutoka Musoma kwenda Kinesi, vuka asubuhi maji yakiwa yametulia. Ukiona wingu jeusi limeinamia ziwa, baki kwenye mwalo wa Mwigobero unywe chai. Atakayekuita mwoga, mkaribishe naye kikombe. Nahodha akisema "tutawahi", muulize tunawahi wapi, na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) uusikilize kabla hujatoa nauli. Jaketi okozi livae na ulifunge kabisa ungali mwaloni. La kukalia halimwokoi mtu. Mawimbi yakianza, kaa chini, wala msikimbilie wote upande mmoja. Mtumbwi wa mbao ukipinduka, ung'ang'anie, kwa maana mara nyingi huelea hata ukijaa maji. Haya nayasema kwa msisitizo, kwa sababu nyumba nyingi za mwambao zimezika watu ambao saa moja ya subira ingewarudisha.

Mama wa dagaa, upepo huohuo ni kibarua wako wa bure. Mpe chanja: hewa ipite chini na juu, dagaa wakauke upesi, na mchanga ubaki ufukweni.

Bunda, habari ni vumbi na bodaboda. Godoro kichwani mwa abiria ni tanga, na pikipiki haina usukani wa jahazi. Likodie bajaji. Mabati nayo yafungwe kwa kamba mbili, yasafiri kwa gari, yasiwafyeke wapita njia.

Butiama, pepeta mtama alasiri, upepo ukiwa ubavuni, makapi yasikurudie machoni. Kabla ya masika, panda juu ukague misumari ya paa. Fundi asipopatikana, mwite jirani mwenye ngazi leo, wingu likiwa bado mbali.