Jumba la Jiji Bila Haraka: Mwongozo kwa Mheshimiwa

Kwanza hakikisha mji wako umeitwa jiji. Hili ni rahisi kuliko unavyodhani, maana halihitaji tofali hata moja. Arua, hapa kwetu West Nile ya Uganda, ililala manispaa tarehe 30 Juni 2020, ikaamka jiji tarehe 1 Julai, pamoja na Gulu, Mbarara, Jinja na wenzao. Kaunti ya Ayivu ikaingizwa ndani na mihogo yake na mbuzi wake, na mzee aliyelala mkulima wa kijijini akaamka mkazi wa jiji, jembe lake likiwa palepale mlangoni. Usiku ule hakuna jengo lililoongezeka, ila vyeo viliongezeka, na mwenye cheo hakai chini ya dari linalovuja. Hapo ndipo hoja ya jumba inapozaliwa.

Sasa tafuta fedha. Njoo Oraba asubuhi, usimame kando ya lami. Barabara hii inaanzia Vurra kwenye mpaka wa Kongo, inapita Arua na Koboko, na baada ya kilomita 92 inakomea hapa. Ng'ambo ni Kaya. Malori yamepanga foleni yakiwa na saruji, mabati, unga na magodoro, yote yanakwenda Sudan Kusini. Wabadilisha fedha wamekaa na mabunda ya pauni, bunda moja linakutosha kuwa mto wa kulalia. Kadiria forodha ya lori moja, uzidishe kwa foleni, na jumba la ghorofa sita litasimama mbele ya macho yako. Kisha kumbuka kwamba forodha inakusanywa na mamlaka ya mapato, URA, na URA inaipeleka Hazina, Kampala. Kinachobaki kwa halmashauri ni ushuru wa yule mama anayewakaangia madereva chapati. Usimdharau. Kwenye daftari la mapato ya ndani, nguzo ni yeye.

Mapato hayo ya ndani yameugua tangu kodi ya kichwa iliposimamishwa mwaka 2005. Wananchi walishangilia, na sioni kosa lao. Zimebaki leseni za biashara, ushuru wa soko, kodi ya majengo na kijikodi cha hoteli. Ruzuku za Kampala zipo, lakini nyingi zinafika zimeshaandikwa majina: hii ya dawa, hii ya mishahara ya walimu, usiguse. Kwa hiyo jumba litategemea chungu kile kidogo, na humo tayari kuna mkono mwingine. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 inaruhusu posho za waheshimiwa zifike asilimia 20 ya mapato ya ndani yaliyokusanywa mwaka uliotangulia. Utakutana na diwani asiyejua kukokotoa eneo la chumba, lakini asilimia 20 anaikokotoa akiwa amepakiwa kwenye boda, mvua inanyesha.

Kuhusu kiwanja, nakuomba usiharakishe hata kidogo. Hakuna jambo ambalo West Nile imeifundisha dunia vizuri kama hili. Mwaka 2006 wilaya ya Maracha-Terego ilitakiwa ianze kazi baada ya kumegwa kutoka Arua. Kilichokosekana ni jambo dogo tu: makao makuu yakae wapi. Watu wa Maracha walivutia Nyadri, watu wa Terego wakavutia kwao, na kila upande ukaona kwamba kwenda kupiga muhuri kwa jirani ni kudhalilika. Hakuna aliyelegeza. Mwaka 2010 Maracha ikaanza peke yake, makao yake Nyadri, na Terego ikabaki Arua hadi 2020, ilipopata wilaya yake. Tazama faida: ugomvi wa kiwanja kimoja umezaa wilaya mbili, na wilaya mbili zinahitaji majengo mawili, wenyeviti wawili na magari mawili ya mwenyekiti. Mpangaji mdogo angechagua kiwanja cha katikati, halafu mambo yangeishia hapo.

Kiwanja kikishagombaniwa vya kutosha, fanya ziara ya mafunzo. Nenda Dodoma. Tanzania iliamua kuhamishia makao makuu huko mwaka 1973, na serikali ikaanza kuhama kwa dhati mwaka 2016. Huu ni mfano mzuri wa kumpa mwananchi anayeuliza kwa nini msingi haujachimbwa tangu uchaguzi uliopita. Kama nauli inaruhusu, fika Sydney. Jumba lao la opera lilikadiriwa dola milioni 7 na kukamilika 1963. Lilifunguliwa 1973, likiwa limemeza milioni 102, nyingi zikitoka kwenye bahati nasibu. Leo kila mtalii analipiga picha. Mkaguzi wa hesabu akikukalia kooni, mtajie Sydney. Hilo la bahati nasibu usilitamke kwa sauti, maana vijana wetu wanaobeti mpira watataka kuingia kwenye kamati ya fedha.

Sasa tuje kwenye kalenda, ambayo ndiyo sayansi yenyewe. Mwaka wa fedha wa Uganda unaanza tarehe 1 Julai. Bajeti inapitishwa mwishoni mwa Mei, na fedha ambazo hazijatumika ifikapo 30 Juni hurudi kwenye mfuko mkuu wa serikali. Soma tena sentensi hiyo, mheshimiwa. Jengo halijui kalenda: zabuni ina siku zake za kutangazwa, asiyeshinda ana haki ya kulalamika, mvua nazo haziombi ruhusa. Kwa hiyo ukifika Juni utakuwa na fedha za jumba na huna jumba. Kuzirudisha Kampala ni aibu, na mwakani watakuambia hukuzihitaji. Nunua viti. Viti havina msingi wala paa. Vinaagizwa Jumatatu na Ijumaa vimeshaingia kwenye vitabu. Baada ya misimu miwili utakuwa na viti vya kuzunguka vya ofisi arobaini, vimerundikwa stoo vikiwa na nailoni zao, na askari anayevilinda amekaa nje juu ya tofali kwa sababu hakuruhusiwa kuvikalia.

Jiwe la msingi liweke mapema, kabla mkandarasi hajapatikana. Linahitaji mgeni rasmi, mahema, vinubi vya adungu, ng'ombe wawili, ugali wa enyasa na samaki wa angara kwa waliokuja kwa miguu. Jina la mgeni lichongwe kwa herufi kubwa na mwaka uachwe wazi.

Mwishowe ramani inaletwa barazani. Itakuwa na vioo mbele, kwa sababu wachoraji hawajawahi kushinda ndani ya kioo mwezi wa Februari hapa kwetu. Itakuwa na lifti. Zamani lifti ingekuwa mzaha, siku tulizotegemea megawati 3.5 za bwawa la Nyagak na jenereta likipata mafuta; lakini tangu gridi ya taifa itufikie mwaka 2024, kila mwenye ghorofa moja anaota lifti. Waheshimiwa watajadili rangi ya vigae kwa saa mbili. Watajadili ofisi ya meya iangalie mlima au soko. Halafu mama diwani mmoja, aliyekaa nyuma na hajasema lolote tangu asubuhi, atainua mkono.

"Mheshimiwa Spika, choo cha wananchi kiko wapi hapa?"

Ramani itageuzwa huku na huku. Mhandisi atavaa miwani. Karani wa Jiji atapekua makabrasha yaleyale mara ya pili. Usibabaike, kwa kuwa jibu lipo kwenye kanuni: Spika ataagiza suala hilo lipelekwe kamati ya ujenzi, nayo itakutana Julai, posho ya mwaka mpya ikishafunguliwa.