Safu ya Ushauri: Tambi Chachu zenye Pilipili na Masaibu ya Wapishi wa Dodoma

Mtumishi wa umma aliyehamia Mtumba kutoka Dar es Salaam anailalamikia safu hii kwamba tambi zake, ambazo pwani zilikuwa zikiiva vizuri, Dodoma hugeuka bokoboko, naye anauliza kama ana haki ya kuomba uhamisho. Sababu hiyo haitoshi. Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa hewa ya mwinuko huo ni nyepesi, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, hivyo kiini cha tambi huchelewa kuiva, na mpishi anayekisubiri huongeza dakika hadi ganda la nje linapolegea. Inampasa aziepue zikiwa bado na ugumu kidogo katikati, kisha azimalizie ndani ya rojo.

Mkazi wa Nkuhungu, ambaye mapishi yake yanadai ndimu nyingi, anaeleza kwamba bei ya ndimu imemkatisha tamaa. Malalamiko haya yanashangaza, kwa kuwa nyanda za kati zina mikwaju na mibuyu kwa wingi. Ukwaju hupata ukali wake hasa kutokana na asidi ya tatariki, ambayo ndiyo hiyo hiyo iliyomo katika zabibu zinazoipa Dodoma sifa, nao hurowekwa katika maji ya uvuguvugu, ukakandwa na kuchujwa. Unga wa ubuyu, yaani nyama nyeupe iliyokauka kuzunguka mbegu za mbuyu, una faida ya ziada: una pektini, kitu kinachogandisha jemu, kwa hiyo hulifanya rojo liwe zito bila kuongezwa wanga. Mpishi akaange kitunguu saumu, tangawizi na pilipili kichaa katika mafuta ya alizeti, atie maji ya ukwaju na chumvi, achanganye tambi, na baada ya kuepua ndipo aongeze ubuyu uliokorogwa kwanza katika maji baridi, kwani ukimwagwa mkavu kwenye moto hufanya madonge. Karanga zilizokaangwa na kutwangwa hunyunyizwa mwishoni, na anayezikosa Dodoma hakuzitafuta.

Mke mmoja wa Kizota anataka kujua amjibu nini mama mkwe wake, mzaliwa wa Unguja, anayeshikilia kwamba tambi zisizo na sukari, nazi na iliki ni utovu wa adabu. Ni kweli kwamba tambi tamu ni chakula cha heshima pwani, hasa wakati wa futari. Hata hivyo urojo, mchuzi mchachu wenye pilipili unaouzwa Forodhani, unathibitisha kwamba Wazanzibari hawauogopi uchachu. Ampelekee mama sahani zote mbili, tamu ikitangulia.

Wa mwisho ni kijana wa Area D, ambaye alikunywa lita mbili za maji baada ya kula pilipili na hakupata nafuu. Kapsaisini, kemikali inayowasha, haiyeyuki vizuri katika maji bali katika mafuta, na protini ya maziwa husaidia kuiondoa ulimini. Wagogo, wenyeji wa Dodoma, ni wafugaji. Kwa hiyo mtindi hauko mbali, na kijana huyo anashauriwa aununue kabla ya kuwasha jiko.