Bomba Limepita, Chai Haijachemka

Jiko la gesi likizimika katikati ya mapishi, pwani yetu hii ya Lindi haikosi wataalamu. Pweza bado mgumu chunguni, na tayari mmoja ameshasema gesi imeganda kwa baridi ya kusi, wa pili kasema regulata imechoka, na shemeji aliyewahi kukaa Dar es Salaam anaulizia spana. Wote hao, kwa maoni yangu, wanaanzia mwisho. Jiko la gesi lina viungo vichache mno: mtungi na valvu yake, regulata, mpira, tundu la nozeli na kichomeo. Anayetafuta ubovu aanze na kile ambacho lazima kiishe, yaani gesi yenyewe, ndipo ahamie kwenye vile vinavyoharibika kwa nadra. Ila gesi kuisha ni jibu lisilo na utamu. Halimpi fundi kazi, halimpi shemeji heshima, na linamtaka mwenye nyumba atoe hela. Ndiyo maana hulifikia baraza la jikoni mwisho kabisa, baada ya regulata ya watu kufunguliwa bure.

Tuanze na hiyo baridi. Gesi ya mitungi ni propani na butani. Propani huchemka penye nyuzi 42 chini ya sifuri, na butani karibu na sifuri yenyewe. Mtu wa Makete anaweza kujitetea kidogo asubuhi ya Julai. Mtu wa hapa kwetu Sudi, ambaye baridi yake kubwa kabisa huishia kwenye shuka moja, hana utetezi. Atasema mbona mtungi unatoa jasho na ukiushika ni wa baridi? Ni kweli, kwa sababu kimiminika kinapogeuka mvuke hunyonya joto la chuma, na jasho hilo halina uhusiano wowote na kuganda. Tena linamfaa mpelelezi, maana mstari wake huonyesha kimiminika kimefika wapi. Pasipo jasho, mwagia ubavuni maji ya vuguvugu kisha pitisha kiganja: palipobaki baridi ndipo gesi ilipo. Na anayetaka ushahidi usiopingika aupandishe mtungi kwenye mizani, kisha atoe uzito wa mtungi mtupu, ambao umeandikwa kwenye chuma chake. Kuutikisa na kutega sikio hakutoshi, na kuulaza chini ili utoe tone la mwisho ni hatari, kwani hupeleka kimiminika kwenye mpira uliotengenezewa mvuke.

Hapo ndipo husikika ile kauli kuu: “Lakini si tumejaza juzi tu!” Juzi si kipimo. Kichomeo kikubwa kilichofunguliwa chote kinaweza kula gramu 200 kwa saa, kwa hiyo mtungi wa kilo 6 una saa kama 30 za moto mkali. Nyumba inayochemsha maharage, pweza na maji ya kuoga kwa jiko hilo hilo huzimaliza huku ikiapa kwamba hupikia chai tu. Pingamizi la pili, kwamba wauzaji wanapunja, nalichukulia kwa uzito zaidi, kwa sababu lina haki ndani yake. Lakini nalo linatatuliwa na mizani ile ile, dukani kabla ya kulipa, si jikoni siku ya msiba wa pweza. Mnunuzi anayepima viazi kwa jicho kali kisha anabeba mtungi kwa imani tupu hajanishawishi kwamba amepunjwa. Huenda kweli kapunjwa, ila kesi yake haina shahidi.

Mizani ikisema gesi imo, basi, karibuni enyi mafundi. Hewa ya chumvi hula chuma, na kutu ikidondoka huziba matundu ya kichomeo. Ubwabwa ukifurika hufanya vivyo hivyo. Moto ukigeuka wa njano na kuacha masizi kwenye sufuria, gesi haipati hewa ya kutosha, na mara nyingine mzibaji ni buibui aliyefuma ndani ya bomba la kichomeo. Msicheke. Mwaka 2011 kampuni ya Mazda iliyaita magari yake kwa maelfu yarudi kurekebishwa huko Marekani kwa sababu ya buibui waliofuma kwenye mpira wa mvuke wa mafuta. Mpira wa jiko nao hupasuka, na hapo hakuna ubishi: harufu ikisikika, funga valvu, fungua madirisha, usiguse swichi, kisha tafuta penye kuvuja kwa povu la sabuni. Anayetafuta kwa kiberiti ataliona tundu, lakini hatapata nafasi ya kusimulia.

Lipo pingamizi moja la wenye uchungu: sisi watu wa kusini tunapimaje mitungi wakati gesi ni yetu? Ya Songo Songo, Kilwa, iligunduliwa 1974 na inawasha mitambo ya Dar es Salaam tangu 2004, na bomba kutoka Mtwara limekatiza mkoa wetu tangu 2015. Gesi ya mtungi, kwa upande wake, huja nchini kwa meli, hushushwa Dar es Salaam au Tanga, kisha hurudi kusini kwa lori na kumalizia safari kwa bodaboda. (Machi 1916 meli ya Kijerumani Marie ilipenya vizuizi vya Waingereza ikashusha mizinga na risasi hapa hapa kwenye ghuba ya Sudi. Ghuba tunayo, meli ya gesi haijapata habari.) Uchungu huo naukubali, lakini haupiki. Gesi ya Songo Songo ni methani, ambayo huwa kimiminika penye nyuzi 162 chini ya sifuri, kwa hiyo haikai kwenye mtungi wa jikoni kama propani. Inataka bomba mpaka mlangoni, kama zilivyopata baadhi ya nyumba za Mtwara na Lindi. Na siku bomba hilo likifika Sudi, majiko yetu haya yatawaka vibaya, kwa kuwa tundu la nozeli ya mtungi ni dogo mno kwa methani. Shemeji atakuwa na sababu halali ya kushika spana, na mizani haitakuwa na la kusema.