Jembe la Kulwa

Baba mwenzangu, wewe unayesoma haya ukiwa umejificha nyuma ya choo upate dakika mbili za amani, sogea nikunong'oneze.

Mwalimu wa historia kaandaa igizo la siku ya wazazi kuhusu Warongo, wale wahunzi wa Uzinza na Geita waliokuwa wakiyeyusha chuma kwa mkaa na mivukuto, majembe yao wakibadilishana na Wasukuma kwa mbuzi na ng'ombe, hadi majembe ya Ulaya yalipokuja kuwavunjia soko. Somo zuri hilo. Watoto wa Katoro wanadhani kilichowahi kutoka ardhini huku kwetu ni dhahabu peke yake. Mwanangu Kulwa kapewa cheo cha mhunzi mkuu. Doto, pacha wake, kapewa nafasi ya mbuzi wa mahari, na kaninunia mimi, kana kwamba ndimi niliyegawa nafasi.

Wazazi tukaagizwa vifaa. Changu kikawa jembe la kale: umbo la jani pana, mkia mwembamba wa kupenya kwenye mpini. Nikatafuta kipande cha bati lililobaki tulipoezeka banda la kuku, nikakata, nikagonga, nikaona nimepata jembe. Tatizo lilikuwa moja. Liling'aa.

Kung'arisha tunakujua nyumba hii. Sufuria za Mama Kulwa unaweza kuzitazama ukanyoa ndevu. Kuchakaza kitu kipya kwa makusudi, hilo hakuna aliyefundishwa. Nikakamulia ndimu kwenye beseni, nikamwaga chumvi, nikalizamisha jembe, nikalala nikitegemea kutu. Asubuhi nikakuta limefifia na kuota unga mweupe, na mwenye beseni kasimama mlangoni mikono kiunoni.

"Hilo ndilo la kuoshea mchele, Baba Kulwa."

Nikatoka haraka kwenda kwa fundi wa kuchomelea. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba bati limevikwa zinki, na zinki hukubali kuliwa kwanza ili chuma kilicho chini kipone. Unga ule mweupe ulikuwa zinki ikijitoa mhanga. Nikitaka kutu, niiondoe kwanza, ila nisithubutu kuichoma, maana moshi wake unaleta homa. Yeye akichomelea bati hujikinga kwa kunywa maziwa, ingawa sijaelewa maziwa yanapita njia gani hadi mapafuni. Nikanunua msasa.

Shemeji Duara akasikia. Huyu ni mdogo wake Mama Kulwa. Kila mwezi duara lao, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, limebakiza futi chache kufika kwenye mwamba wenye mali, na kila mwezi anakula kwetu akisubiri hizo futi. Akashauri nipake zebaki, eti kule kwenye makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu ndiyo dawa ya kila kitu. Nikamwambia zebaki ni sumu, tena haishikani na chuma, inashikana na dhahabu. Mama Kulwa kusikia dhahabu akavua pete ya ndoa akaificha, na mpaka leo hajaniambia iko wapi.

Basi nikasugua hadi vidole vikakosa alama. Zinki ikatoka, nikapaka siki na chumvi, nikaliacha juu ya paa la jiko lipate umande. Kutu ikaja kweli, nyekundu ya kuvutia. Mwalimu akaikataa! Akasema hiyo ni kutu changa. Chuma cha siku nyingi ni kahawia inayokaribia weusi. Nikarudi, nikachukua masizi ya chungu, mafuta kidogo ya kula, na kiwi ya kahawia iliyokuwa kabatini bila mwenyewe. Mwenyewe alijitokeza Jumapili, akiwa na viatu vya kanisani mkononi.

Lakini jembe, ndugu yangu, lilipendeza! Ungeliokota shambani ungelipeleka Bujora kwenye makumbusho. Nikalianika uani, nikaingia ndani kujipongeza kwa chai.

Ndipo hiace kutoka Runzewe ikamshusha mama mkwe. Kisirisiri namwita Mkaguzi Mkuu. Hata maji ya kunywa hajapewa, nikasikia kwaruza-kwaruza uani. Nachungulia dirishani: Mkaguzi kachuchumaa, majivu mkono huu, stiliwaya mkono huu, jembe katikati ya magoti.

Nawe unajua mkwe habishiwi. Nilitoka, nikainama, nikasema, "Mwangaluka, mama." Akaitikia bila kuinua kichwa, akaongeza, "Mkwe wangu, nani kaliachia jembe kutu? Hili ni jembe la mvivu." Kisha akamweleza Kulwa kwamba bibi yake yeye aliposwa kwa majembe ya Warongo, na hakuna mwanamume angepeleka ukweni chuma chenye kutu akarudi na mke. Jembe linalolima husuguliwa na udongo, kwa hiyo makali yake yanang'aa. Weusi unabaki shingoni, jasho na moshi vinakokaa. Akasugua makali tu, shingo akaiacha.

Mwalimu alipoliona alilizungusha mikononi, akaita wenzake waje kutazama. Akauliza nani kalitengeneza. Kulwa akajibu kwa sauti ya mhunzi mkuu: "Bibi."

Siki, msasa, vidole vyangu, vyote havikutajwa. Sasa imekuja barua: shule inaomba bibi asaidie pia kutengeneza mivukuto. Mkaguzi kakubali, kasema ni kazi ndogo, inatakiwa ngozi ya mbuzi tu. Mbuzi tuliye naye ni mmoja, nilimnunua kwa ajili ya Krismasi. Tangu jana Doto analala naye zizini, kafunga mlango kwa ndani.